Nukta Milioni Tatu na Ushei

Ruwi, saa nane mchana, mwezi wa saba,
lami imelegea kama halua isiyoiva.
Dukani kwa Biju kiyoyozi kinatoa jasho
ndani ya ndoo ya rangi,
na ukutani skrini kumi na moja
zinaonyesha kasuku yule yule,
kila unyoya na uzi wake.

"Chukua hii, bwana Mundhir,"
ananiambia kwa Kiswahili alichookota kwa wateja
kipande kipande, kama anavyookota skrubu sakafuni.
"Nukta milioni nane. Macho yako yataimba."

Macho yangu yalishaimba.
Mwaka juzi nilinunua kubwa ya aina hiyo,
nikaiweka mezani, Mabela, kama bibi harusi,
na nyuma ya pazia kadi yangu ya michoro,
mtumba niliouvua kwa kijana wa Sohar,
ikaambiwa: chora.
Farasi akiruka ukuta, aliruka kwa awamu,
miguu ya mbele leo, ya nyuma kesho.
Feni ililia hata Shamsa, chumba cha pili, akauliza
nani anakausha nywele usiku huu.

Ndipo nikaijua hesabu yenyewe.
Kila nukta inataka kupakwa rangi,
na mpaka rangi ni mmoja,
na ukuta ule ule anaupaka mara sitini
kabla hujamaliza kusema "sekunde".
Ukimrefushia ukuta mara nne
humwongezei mikono.

Leo nina riali mia mbili na sitini
na mkataba nyuma ya bili ya umeme,
mwandiko wa Shamsa, sahihi yangu:
*Kadi hii ikae mpaka Aflah aanze darasa la kwanza.*
Aflah bado ananyonya.

Miaka sita! Na michezo hainywei, inanenepa.
Mwakani watatia majani zaidi mtini,
mwaka wa pili kila jani litadai kivuli chake.
Kadi inayohema leo
mwaka wa tatu utaizika.
Nikauliza tumbo lake, kumbukumbu yake, gigabaiti ngapi.
Nane? Hapana. Ile ya kumi na sita.

"Basi chukua na skrini ndogo," Biju akasema, amenuna kidogo,
"kadi ipumzike."
Nayo pia sikuitaka.
Ni kumwajiri fundi wa milango ya nakshi
umpe kibao cha kukatia vitunguu.

Jikune ujipatapo,
mama aliwaambia hivyo waliokopa kwa ajili ya harusi,
nami nilidhani anasema habari za mgongo.

Nikasimama mbele ya ile ya katikati,
inchi ishirini na saba,
nukta milioni tatu na ushei.
Nikanyoosha mkono hata kidole kikagusa kioo.
Kwa umbali huu ndipo nitakapokaa,
mimi na miwani yangu na miaka thelathini na minane,
na kwa umbali huu
kasuku alikuwa kasuku.

Biju akapunguza riali tatu, akanitilia na waya.

Usiku, mtoto kalala, nikawasha.
Pembeni namba ndogo ya kijani:
tisini, tisini na mbili, tisini na moja.
Mchezoni kulikuwa na mvua.
Mabela hatujaiona tangu Machi,
na ile ilikuja na vumbi lake.

Shamsa akasimama mlangoni na kikombe cha karaki.
Nilidhani atauliza bei.
"Usitembee," akasema. "Mwache hapo hapo."
Nikaondoa vidole.
Mtu wangu akabaki njiani, kofia imelowa,
matone yakimshuka begani
moja moja, bila kukwama,
na feni, sijui ilinyamaza saa ngapi.

Akavuta kiti.